Fundi Anajibu: Pompa ya maji unaweza kuibadilisha nyumbani, lakini angalia kwanza maji unayotia

SWALI

Jambo Papa Fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Bagira hapa Bukavu. Nina Toyota Ist ya mwaka 2003, moteri ya 1NZ. Kila asubuhi nakuta matone chini yake upande wa mkanda, na maji ya radiateri yanapungua. Wiki hii umeongezeka mlio wa kukwaruza, nikikanyaga mafuta nao unapanda. Fundi wa jirani anasema pompa ya maji imekufa, nimwachie gari. Mimi nina funguo za marehemu baba, aliyekuwa shofa wa lori, na uani kwangu pamesakafiwa. Naweza kuifanya mwenyewe?

JIBU

Mwalimu, jambo sana. Ndiyo, unaweza, na nafurahi kusikia kwamba funguo za baba hazikuuzwa.

Ist ni gari zuri la kujifunzia kazi hii. Pompa yake iko nje, inazungushwa na mkanda uleule wa alterneta. Ndani ya 1NZ kuna mnyororo wa taimingi, ule unaopatanisha mizunguko ya ndani ya moteri, na huo hutaugusa kabisa. Ungekuwa na moteri ambayo pompa yake imefichwa nyuma ya mkanda wa taimingi, ningekujibu vingine. Msomaji anayekufuata hapa chini ana moteri ya namna hiyo.

Ila usinunue kitu kabla ya kujua kwa hakika kinachovuja. Maji yanayodondoka upande wa mkanda yanaweza kutoka kwenye mpira uliopasuka juu na kuteremka mpaka kwenye pompa. Acha moteri ipoe, chukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, uangalie chini ya pompa, nyuma ya puli. Utaona kitundu kidogo. Kiwanda kimekitoboa makusudi, kati ya sili inayozuia maji na beringi inayobeba shafti, ili sili ikichoka maji yatokee pale yasiingie kwenye beringi. Ukikuta ukoko mweupe, au wa rangi ya kulanti (dawa ya rangi inayotiwa kwenye radiateri), umeshuka kutoka kwenye kitundu hicho, ni pompa. Kisha legeza mkanda, ishike puli juu na chini, uitikise. Puli isiyo na ubovu inakubali kuzunguka tu. Ikicheza mbele na nyuma, hata kidogo sana, beringi imekwisha, na mlio wako unatoka hapo. Usiendelee kwenda nalo shuleni. Beringi ikivunjika, puli inaondoka na mkanda, na alterneta inasimama siku moja na pompa.

Ukienda Kadutu kutafuta pyesi, nenda na namba ya moteri, na kama inawezekana nenda na pompa ya zamani mkononi. Ziweke mbili bega kwa bega: matundu ya bolti, urefu wa shafti, kina cha mapanga yanayosukuma maji. Zungusha mpya kwa kidole. Inatakiwa iende taratibu, kwa uzito uleule mzunguko wote, bila kukwama na bila kulia. Pompa iliyotolewa kwenye gari jingine usiinunue hata ikiwa ya bei ya kuchekesha. Sili yake imekaa kavu muda ambao hakuna anayeujua, na ukiwa dukani huna njia ya kuiona.

Sasa kazi yenyewe. Jipe siku nzima ambayo hutahitaji gari, na uanze moteri ikiwa baridi kabisa. Maji ya radiateri yenye moto yamebanwa kwa presha. Ukifungua bushoni, yaani kifuniko cha radiateri, yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Nimewaona vijana wa garaji walioungua shingo na kifua kwa sababu ya kushindwa kusubiri. Weka beseni pana chini, fungua kizibo kidogo cha plastiki kilicho chini ya radiateri, kwa vidole tu, maana plastiki ya umri huo inavunjika. Kama ndani mlikuwa na kulanti, usiiache beseni wazi hata kwa muda wa kwenda kunywa chai. Kulanti nyingi zina glikoli, na glikoli ina ladha ya utamu na ni sumu kali. Mtoto au mbwa akiionja, figo zake zinaharibika. Wala usiimwage kwenye mfereji, kwa sababu mfereji wa Bukavu unaishia ziwani.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo wanaoanza hulikosa. Bolti za puli ya pompa zilegeze wakati mkanda bado uko mahali pake na umekaza. Mkanda ndio utakaokushikia puli isizunguke. Ukishautoa kwanza, utabaki kupambana na puli inayozunguka kila ukivuta ufunguo. Baada ya hapo legeza alterneta, toa mkanda, toa puli, halafu pompa. Chora umbo la pompa kwenye kipande cha karatoni, na kila bolti unayotoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu urefu wao unaweza kutofautiana. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, inagonga mwisho kabla haijabana, nawe utadhani imekaza.

Pompa ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa kipande cha mti. Usiingize bisibisi kuibandua. Uso wa moteri pale ni aluminiamu, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi ni njia ya maji miaka yote ijayo. Kusafisha uso huo ndiyo sehemu ya kazi ninayokuomba usiikimbilie. Mabaki ya gasketi ya zamani yanashika kama rangi iliyokauka. Yaloweshe, yaparue kwa plastiki ngumu au mti uliochongwa, kisha pitisha ncha ya kidole ukiwa umefumba macho. Kidole kinasikia kile ambacho jicho limeshakizoea. Ukimaliza, uso wote uwe laini na mkavu, na tundu za bolti zisiwe na maji ndani.

Gasketi mpya iliyokuja na pompa iweke kavu. Najua mafundi wetu wengi wanapenda kupaka silikoni nyingi pande zote mbili. Ile inayominyika kwa ndani haipotei. Inakatika vipande na kwenda kuziba vijitundu vya radiateri. Bolti zianze zote kwa mkono, halafu zikaze kwa kupishana, huku na ng'ambo yake, kwa raundi mbili. Ni bolti ndogo za ufunguo namba 10 zinazoingia kwenye aluminiamu, zinataka nyutoni-mita 11 hivi, basi. Kama huna ufunguo wa kupimia nguvu, shika raketi karibu na kichwa chake na ukaze kwa kiganja, bila bega. Bolti ikikatikia mle ndani, utamwita yule fundi wa jirani, na safari hii kazi yake itakuwa kubwa zaidi.

Rudisha puli na mkanda. Mkanda usiukaze mpaka uimbe. Ukiukaza kupita kiasi unaivuta shafti ya pompa upande mmoja, na beringi mpya utakuwa umeanza kuiua siku hiyohiyo. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, uzame kidogo.

Kabla hujatia maji, mwalimu, geuza pompa ya zamani uitazame mapanga yake. Hapa ndipo ninapotaka kila msomaji afike. Yakiwa safi, basi umri tu ndio uliomaliza sili. Lakini nyingi ninazozipokea zina kutu ya kahawia inayomomonyoka ukiigusa, kingo zimeliwa, na nyuma yake kuna unga mgumu kama mchanga. Unga huo ndio uliosaga sili, na bado umo ndani ya moteri na radiateri. Ukifunga pompa mpya ukarudisha maji yaleyale ya bomba, umenunua pompa nyingine bila kujua. Kwa hiyo osha kwanza: jaza maji safi, washa moteri mpaka temostati (mlango mdogo unaofunguliwa na joto kuruhusu maji yapite kwenye radiateri) ifunguke na mpira wa chini wa radiateri uwe moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha tia kulanti, karibu lita 5 kwa Ist yako. Kama imeandikwa kwamba tayari imechanganywa, usiongeze maji. Kama ni ya kuchanganya, nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri nayo inauzwa dukani humohumo.

Kutoa hewa ndani, tumia mlima wako. Bagira haikosi mpando. Egesha pua ya gari ikitazama juu, weka mawe nyuma ya magurudumu, vuta breki ya mkono. Mdomo wa radiateri sasa ndio mahali pa juu kuliko pote, na hewa inapanda kuja hapo. Jaza polepole, bushoni ikiwa wazi, weka hita kwenye joto la mwisho, washa moteri. Minyaminya mpira wa juu. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, utaongeza. Mapovu yakikoma na feni ikiwaka, funga bushoni. Kesho yake asubuhi, moteri ikiwa baridi, angalia kimo tena, na upapase chini ya pompa kwa kitambaa kikavu.

SWALI

Papa Fundi, mimi ni mfanyabiashara wa Goma, mtaa wa Himbi. RAV4 yangu ya mwaka 1998 ina moteri ya 3S-FE. Pompa ya pili imekufa, na ile ya kwanza haikukaa. Natia maji ya ziwa kama kila mtu hapa, nayachuja vizuri kwa kitambaa. Nadhani wananiuzia pyesi bandia. Nataka safari hii nifunge mwenyewe, nione kwa macho yangu.

JIBU

Ndugu yangu wa Himbi, kufunga mwenyewe usifanye. Kwenye 3S-FE pompa iko nyuma ya kifuniko cha taimingi, na mkanda wa taimingi wenyewe ndio unaoizungusha. Kuifikia lazima ushikilie moteri kwa jeki, utoe kiti chake cha upande ule, utoe puli kubwa ya chini, utoe mkanda, kisha uje urudishe alama zote mahali pake bila kukosea jino. Ni kazi ya mtu aliyeifanya mara nyingi. Simama karibu naye uangalie, ni haki yako, gari ni lako.

Unachoweza kumdai ni hiki: pompa na mkanda vibadilishwe pamoja. Toyota inataka mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukishafika hapo kwa ajili ya pompa, kazi ya mkanda umeshailipia. Dai pia roli ya kukazia na sili za mafuta zilizo karibu, maana sili ikivuja mafuta juu ya mkanda mpya, mkanda huo hauna maisha.

Kuhusu pyesi bandia, zipo, sikatai. Ila barua yako yenyewe imenionyesha kisa kingine. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi sana yaliyoyeyuka ndani yake, hasa magnesi na bikaboneti. Kitambaa kinashika takataka, hakishiki kilichoyeyuka. Angalia ndani ya birika la nyumbani kwako, ule ukoko mweupe chini. Ndio huohuo unaojijenga ndani ya moteri, kila mahali penye joto kali. Unapunguza upana wa njia za maji, unazuia chuma kisipoe, na vipande vyake vinapita kwenye sili ya pompa vikiisaga. Unapoongeza maji ya ziwa kila wiki kwa sababu yanavuja, unaongeza na madini kila wiki, kwa kuwa maji yanapotea kama mvuke lakini madini yanabaki.

Usikimbilie maji ya mvua pia. Katika mji mwingine ningekubali, lakini Goma iko chini ya moshi wa Nyiragongo, na moshi huo unaifanya mvua kuwa na asidi. Asidi na aluminiamu havikai nyumba moja. Nunua kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ukipima bei yake na ya pompa mbili pamoja na siku ambazo gari lilikuwa limesimama, utaona mwenyewe. Na kabla fundi hajafunga pompa ya tatu, mwambie aitoe radiateri aioshe kwa kuigeuza, maji yaingie chini yatokee juu, mpaka yaache kutoa uchafu. Akikwambia haina haja, mwonyeshe pompa ya zamani.

SWALI

Mimi ni mama mfanyabiashara, natoka Bukavu kwenda Uvira kuchukua samaki na mchele. Gari letu halichemki mjini wala kwenye bonde la Ruzizi. Linachemka kwenye mpando wa Ngomo tu, wakati wa kurudi na mzigo. Halivuji popote. Shofa anasimama na kulimwagia maji ya mto. Tatizo ni nini?

JIBU

Mama, mwambie shofa aache kumwagia moteri ya moto maji ya baridi. Nilitangulize hilo kwa sababu hapo ndipo kichwa cha moteri kinapopinda au kupasuka, na baada ya hapo tutakuwa tunazungumzia pesa za aina nyingine.

Pompa isiyovuja inaweza kuwa mbovu vilevile. Mapanga yakiliwa na kutu, inazunguka bila kusukuma maji ya kutosha. Bondeni hutajua, kwa kuwa moteri haifanyi kazi kubwa na upepo unapita kwenye radiateri. Ngomo inadai kila kitu kwa pamoja: mzigo, mwendo mdogo, upepo hakuna. Na kasi ya pompa ni kasi ya moteri. Shofa anayepanda akiwa gia ya tatu huku moteri inaunguruma chini chini anaipunguza pompa kasi mahali inapohitajika zaidi. Ashuke gia ya pili, moteri izunguke kwa wepesi, azime kiyoyozi, afungue hita kwa nguvu zote hata kama ndani kutakuwa tanuri. Mshale ukiendelea kupanda, asimame pembeni kabla haujafika kwenye nyekundu, aache moteri iwake bila kukanyaga mafuta, feni ifanye kazi. Lakini kama tayari linachemka na kutoa mvuke, azime, na bushoni asiiguse mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Bushoni yenyewe iangalieni. Uvira iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Bukavu karibu mita 1,500. Hapa kwetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, wala si 100, na feni za magari mengi zinangoja mpaka nyuzi 93 au zaidi ndipo ziwake. Kinachotuokoa ni presha. Bushoni nzima yenye alama 0.9 inazuia maji yasichemke mpaka nyuzi 115 hivi, hata huku juu. Raba yake ikipasuka au springi ikilegea, mnapanda Ngomo mkiwa na nafasi ya nyuzi mbili tu. Ni pyesi ya bei ndogo. Badilisheni hiyo kwanza, kisha mtu aifungue pompa aone mapanga. Kama vyote viwili ni vizima na bado linachemka, kagueni gasketi ya kichwa: mapovu yasiyokoma kwenye radiateri tangu moteri ikiwa baridi, au mafuta ya moteri yamekuwa na rangi ya maziwa.

SWALI

Fundi wangu ametoa temostati akaitupa, anasema nchi ya joto haiihitaji. Ni kweli? (Msomaji wa Panzi)

JIBU

Si kweli. Moteri isiyofikia joto lake inakunywa mafuta zaidi na inajisaga haraka, na asubuhi za Bukavu hazina joto la kujivunia. Tena katika moteri zenye njia ya kando, temostati ikishafika kwenye joto la kazi ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye radiateri kabisa, na gari linaweza kuchemka kwa sababu ya dawa uliyopewa ya kulizuia lisichemke.

Nunua nyingine, na uipime kabla ya kuifunga. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isigusane na chini, washa jiko, uangalie. Joto la kufunguka limeandikwa kwenye chuma chake, mara nyingi nyuzi 82. Kabla maji hayajachemka inatakiwa iwe imefunguka wazi, na ukiitoa ikapoa ijifunge yenyewe. Isipofanya hivyo, irudishe dukani ukiwa na uzi wake.